Harufu ya Kuaga

Mwajuma hakuniuliza kama nataka. Nilikuwa nimekwenda Makambako asubuhi kumpa pole mwenzangu wa kanisani aliyefiwa na mume, na kabla ya kupanda basi la kurudi Njombe nikapita sokoni kutafuta dagaa. Kwenye kona, nyuma ya meza yenye vichupa vya mafuta ya kunukia, alikaa mama mmoja mwenye miwani nzito, akanitazama kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. "Wewe ni Twilumba wa Bi Rukia," alisema. Hakuwa anauliza. Ndipo nikamjua: Mwajuma, mtoto wa dada yake Bi Rukia, ambaye mara ya mwisho nilimwona mtoto aliyeng'oka meno ya mbele. Tulisalimiana, tukacheka kidogo, tukahesabiana magonjwa ya magoti, na kabla sijajua afanyalo alikwishaukamata mkono wangu wa kushoto, akapandisha sweta, akatoa kichupa kilichokuwa chini ya meza, si juu pamoja na vingine, akanitia tone moja karibu na kiwiko. Nikataka kulisugua. Akanichapa vidole. "Usisugue, bibi wewe. Umesahau?" Sikuwa nimesahau. Kuna miaka niliyoomba nisahau, na sikujaliwa.

Basi langu lilikuwa halijajaa, nikapata kiti cha dirishani, nikauweka mkono ule juu ya mapaja kama mzigo wa mtu mwingine niliyeombwa kumshikia. Bi Rukia alikuwa na majina yake ya harufu ambayo sijayasikia kwa muuza uturi mwingine yeyote. Kila mafuta, alisema, yana harufu tatu. Ya kwanza ni harufu ya kuingia, ile inayokupiga puani tone likiwa bado bichi. Hiyo ndiyo mteja anayoinunua. Ya pili ni harufu ya kukaa, ambayo huja mafuta yakishazoeana na ngozi, mnamo wakati wa chakula cha mchana. Ya tatu ni harufu ya kuaga, inayobaki jioni, na hiyo si ya chupa tena, ni ya mtu. Ukiwapaka watu wawili mafuta yale yale asubuhi, jioni kila mmoja atakuwa na harufu yake. Kwa hiyo kazi ya uturi haifanyiki puani peke yake. Inataka ngozi, na inataka siku nzima. Huku kwetu ilitaka hata zaidi, maana baridi iliyachelewesha mafuta, na upepo wa Makambako uliiba nusu kabla hujanusa.

Mwaka ule Mwingereza alikuwa bado yuko bomani, na mimi nilikuwa nikimenya magome. Nani alinizaa na tulikuwa wangapi si habari ya kisa hiki. Nilikuwa msichana aliyekwisha komaa, kipaimara nimepata, posa moja nimeikataa, na mikono yangu ilikuwa na rangi ya chai iliyochemka kupita kiasi. Tulifanya kazi kwenye mashamba ya miti ya miwati nje ya Njombe: wanaume wanaangusha mti, sisi wanawake tunalivua gome likiwa bichi, tunafunga mizigo, malori yanabeba kwenda kutengenezea dawa ya kulainishia ngozi za ng'ombe. Maji ya gome lile yanaingia mwilini na hayatoki kwa sabuni wala kwa mchanga wa mtoni. Siku ya gulio tulishuka mjini na mikono yetu hiyo tukiificha ndani ya kanga, maana wasichana wa misheni walikuwa wakituita wapika chai.

Siku moja kwenye baraza la duka la Mhindi nilimkuta mama wa pwani amekaa juu ya mkeka, buibui jeusi, na juu ya buibui amevaa sweta la kiume lililomzidi mabega. Mbele yake vichupa vimepangwa juu ya sinia. Mke wa karani wa boma alikuwa anachagua waridi kwa mbwembwe nyingi, nasi tukasimama kutazama, kwa kuwa kutazama hakukuwa na bei. Mke wa karani alipokwenda zake, yule mama akanionyesha kwa kidevu. "Lete mkono." Nikamwambia sina cha kununulia. "Nani kakwambia nauza? Haya hayanunuliwi na mtu. Nataka kuona ngozi za huku zinayafanya nini." Akanitia tone la mafuta meusi kidogo, sandali na udi na kitu kingine sikukijua. "Nenda zako. Usisugue, usinawe mkono huo. Ukiniona naanza kukunja mkeka, uje nikunuse." Wenzangu walicheka njia nzima hadi kwa wauza chumvi na kurudi. Jioni nilipokwenda alikuwa amekwisha kuvifunga vichupa. Akanusa mkono wangu, akazika pua yake katika pindo la kanga ili kuisafisha, akanusa tena. Aliushika mkono kwa mikono yake miwili, akauegemeza kwenye paji la uso wake, pale barazani, mbele ya watu waliokuja kununua sukari na mafuta ya taa. Wenzangu waliacha kucheka.

"Una harufu ya mwanangu," alisema mwishowe.

Nikamuuliza mwanawe yuko wapi. Akasema amemzika Makambako masika yaliyopita, kichomi kilimchukua kati ya Jumatatu na Ijumaa, jina lake Nasoro. Na tangu hapo, kila soko alilokwenda, alikuwa anawatia watu tone la mafuta ya Nasoro na kuwangoja hadi jioni. Juu ya ngozi yake mwenyewe, alisema kwa hasira, yalikuwa yanachacha: yakikaa kutwa yanageuka tangawizi kavu na majivu. Mama mzazi, na mwili wake haumtambui mwanawe. Aliyasema hayo huku bado ameushika mkono wangu, na mimi sikujua kama inafaa kuuvuta.

Alikuja kwetu baada ya siku chache, amepanda lori, amembebea mama yangu kanga na sukari, kuniomba nikakae kwake. Mimi nilikuwa jikoni napuliza moto, na ukuta wa matete hauna siri. Nilimsikia baba akiuliza, "Ngozi ya mtu inafanyiwa kazi gani, mama yangu? Nieleze nielewe." Bi Rukia akaeleza, na ukweli alieleza vizuri, habari za kujaribu mafuta, za wateja, za chumba na chakula, lakini mambo ya Nasoro hakuyataja. Alipotoka kwenda kuaga majirani, baba akasema huko mtoto atafundishwa kuswali. Mama akajibu kwamba mwenyewe ameahidi Jumapili atampeleka hadi mlango wa kanisa. "Na magome yamemla mikono," mama akasema. "Mwache akapumzike." Baba akanyamaza, na kwetu baba akinyamaza maana yake amekubali. Nilitaka kwenda. Nisijifanye mtu aliyepelekwa. Nilitaka kulala kitandani, na nilitaka kupendwa na mtu kwa namna ile niliyopendwa barazani, japo nilijua mapenzi yale hayakuwa yangu.

Nyumba yake ilikuwa karibu na njia panda ya Makambako, ya udongo, imepakwa chokaa, yenye chumba cha mbele cha duka na vyumba viwili vya nyuma. Kimoja kilikuwa cha Nasoro, nikapewa mimi. Kitanda cha kamba, mkeka wa Kilwa, dirisha dogo lililozibwa kwa gunia dhidi ya upepo, na nyuma ya mlango koti lake la utingo, zito, mifuko imelegea kwa kubeba spana. Nasoro alikuwa utingo wa lori la magome kati ya Njombe na Makambako, na kutoka hapo mbele zaidi. Bi Rukia alinikataza nisilisogeze koti. Kwenye chakula nililia mara ya kwanza nilipowekewa papa mkavu. Harufu yake ilinifanya nimkumbuke mama na viazi vyake. Lakini wali niliuzoea upesi, na mchuzi wa nazi iliyosafiri kutoka pwani, na karafuu ndani ya chai. Kila asubuhi nilipewa maji ya moto na sabuni ya kunukia, kisha mafuta ya nazi mwili mzima. Nilioga kuliko nilivyowahi kuoga maishani, na kwa mara ya kwanza nikaona mikono yangu ina rangi gani hasa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kukaa. Mkono wa kulia unasonga na kuosha, hivyo mafuta yalikwenda mkono wa kushoto na shingoni. Asumini huku, miski kule, umbali wa kiganja kati ya tone na tone. Bi Rukia alininusa asubuhi, mchana na jua likishuka, akasema kwa sauti anachokiona, na mimi nikajifunza kunusa pamoja naye. Asumini kwangu ilikuwa inadumaa. Miski ilinipenda. Wateja walipokuja alinyanyua mkono wangu na kuwaambia, "Yanuse yalivyokaa, usiyanuse yanavyoingia," nao wakacheka, wakanusa, wakaamua. Kazi hiyo niliipenda. Hadi leo mtu akipita karibu yangu kanisani najua kama mafuta aliyojipaka yatamwacha njiani.

Saa za jioni ndizo zilizokuwa ngumu. Mahali karibu na kiwiko palikuwa pa Nasoro, hapakuguswa na mafuta mengine. Taa ikishawashwa, kabla ya kula, Bi Rukia alikaa kando yangu kitandani, akauchukua mkono, akafumba macho. Kisha akazungumza. Hakuzungumza na mimi. "Umekula?" aliuuliza mkono. "Barabara ya Njombe imekauka au bado ni tope? Yule dereva wako ameacha ulevi? Mbona hukuvaa koti?" Aliuliza hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeongea huku anachambua mchele, na kila baada ya swali alinyamaza kiasi cha mtu kujibu. Mimi nilitazama ukutani. Mwanzo nilimwonea huruma. Baadaye nikaanza kuogopa, na nitasema niliogopa nini: niliogopa kwamba mkono ule hautarudi kuwa wangu. Nilikuwa nikilala naiacha nje ya blanketi sehemu ile. Asubuhi nyingine niliamka nikaukuta umening'inia kando ya kitanda, vidole vimekunjika kama vinavyokunjika vya mtu aliyeshinda akishika kamba za turubai, na mimi sijawahi kushika turubai. Mwajuma, aliyekuwa mdogo na hana haya, alikuwa ananiuliza mbele ya wageni, "Leo kaka Nasoro amekuja?"

Kisha Nasoro akaanza kutokuja. Jioni moja Bi Rukia alinusa, akazika pua katika kanga, akanusa tena. "Amechelewa leo," alisema, akainuka kwenda kupakua. Kesho yake, "Hajafika." Wiki hiyo nzima, "Hajafika." Alibadilisha saa ya kupaka, akabadilisha chupa, akanilaza mchana, akanikalisha juani. Aliniuliza kama nimeingia mwezini, kama nimegombana na mtu, kama huko kanisani wananiombea kitu. Alifika hata kumtuma jirani alete ulanzi, ile pombe ya mianzi, yeye mtu wa swala tano, nikaupokea kibuyu na kunywa mbele yake. "Alikuwa anakunywa," aliniambia, bila kunitazama. "Alidhani sijui." Jioni ile nilinukia ulanzi, na hakuna zaidi. Nilimsikia chumbani kwake akilia kwa sauti ndogo ya mtu aliyezoea kuta nyembamba, na ajabu ni kwamba badala ya kufurahi kwamba nimepona, nilijiona nimefukuzwa.

Bibi yangu alipougua niliitwa nyumbani. Alipata nafuu, na siku zilizobaki nilikwenda shambani na wenzangu, kwa hamu ya kucheka nao tu, nikamenya magome tangu asubuhi hadi jioni kama zamani. Niliporudi Makambako, Bi Rukia alinipokea begi mlangoni, na kabla sijatiwa tone lolote akasimama. Akauchukua mkono, ukiwa mweusi tena, akanusa gome peke yake. Halafu akaleta kichupa. Tulingoja kutwa bila kufungua duka. Jua lilipoanza kushuka alinusa mara moja tu, akakaa sakafuni.

"Nilikuwa simruhusu aingie ndani na ile harufu," alisema. "Miaka yote. Nampelekea maji nyuma ya nyumba, namwambia oga kwanza, unanuka lori. Haya mafuta niliyachanganya mimi mwenyewe ili kuliua gome. Nilishindwa, nikaongeza udi, nikashindwa tena." Akaupapasa mkono wangu mweusi. "Kumbe nusu yake ilikuwa gome, Twilumba. Nusu ya mwanangu nilikuwa naimwaga uani."

Ungedhani hapo mambo yangeisha, kwa kuwa tulikwisha jua. Kujua ndiko kulikoyazidisha. Aliagiza magome kwa madereva, akayaloweka katika bakuli la udongo hadi maji yakawa meusi, na kila asubuhi nilitumbukiza mkono humo kwa muda wa kupika uji. Mafuta ya nazi yalikatazwa kwenye mkono huo, na sabuni pia. Ulikuwa msimu wa baridi kali, umande asubuhi unakuwa barafu kwenye majani, na gome linakausha ngozi kuliko baridi yenyewe. Mkono ukaanza kupasuka. Mistari kwanza, kisha damu. Na Nasoro alikuja, alikuja kila jioni, hachelewi. Hata mimi nilikuwa namsikia anavyopanda, sandali kwanza, kisha ule uchungu wa gome chini yake, mpaka chumba kizima kinakuwa na mwanamume ambaye sikuwahi kumwona. Nilianza kujua angesimama wapi. Nililiachia koti nafasi nilipopita mlangoni. Bi Rukia angeniomba niondoke ningekataa, na angeniomba nibaki ningelia. Kwa hiyo nikawa naufunika mkono kwa kanga hata Jumapili kanisani, kama enzi za wapika chai.

Jioni yenyewe haikuwa na dalili. Alikaa, akauchukua mkono, akafumba macho. "Umekula?" aliuliza, akanyamaza kile kimya chake. Nami nikajibu. Sijui hadi leo nani alijibu. Sauti ilikuwa yangu, lakini ilitoka imetulia, haina haraka, ya mtu aliyetoka safari.

"Nimekula, mama."

Alifumbua macho. Alinitazama usoni, na nadhani hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu barazani Njombe, maana kwa miezi yote ile alikuwa ananitazama mkono. Nikaona anatafuta, kisha nikaona amenikuta mimi. Akashusha macho kwenye ngozi iliyopasuka, akagusa damu kwa kidole. "Wallahi," alisema taratibu, "huyu ni mtoto wa watu." Akaondoka. Nikasikia bakuli likimwagwa uani, nyuma ya nyumba, pale pale alipokuwa akimpelekea Nasoro maji ya kuoga. Alirudi na mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, akanipaka kuanzia begani hadi kwenye kucha, akayasugua, yeye aliyenikataza kusugua, akayasugua mpaka hakukubaki sandali wala gome. Alikuwa akilia, na safari hii hakujali kuta. Nilimwambia naweza kuvumilia. "Najua unaweza," alisema. "Ndiyo maana unarudi kwenu."

Nilibaki mpaka ngozi ilipofunga, kisha akanipandisha lori la kwenda Njombe, akakaa mbele na mimi hadi mlangoni kwa mama, akaomba radhi ambayo wazazi wangu hawakujua ni ya nini. Sikumwona tena. Niliolewa, nikazaa, nchi ikabadilika bendera, reli ikapita Makambako, na kila mara basi liliposimama njia panda nilitazama upande wa pili.

Leo asubuhi sokoni nilimuuliza Mwajuma Bi Rukia alikufaje. Akasema alikufa mzee, kwa amani, na amezikwa hapo hapo Makambako karibu na mwanawe. "Baada yako hakumpaka mtu yeyote mafuta yale," alisema Mwajuma huku akifunga kichupa. "Alijipaka mwenyewe, kila siku hadi mwisho. Tulimwambia, si unasema kwako yanachacha? Akasema basi yachache, amechoka kumtafuta mwanawe kwenye ngozi za watu." Ndipo nikaenda kupanda basi langu.

Nimekaa kibarazani kwangu Njombe sasa, jua linashuka, sweta limepandishwa. Mchana, kwenye harufu ya kukaa, mafuta hayakuniambia kitu. Sandali ni sandali. Nilikuwa tayari kwa Nasoro. Nilikuwa nimekwisha kumwogopa njia nzima kutoka Makambako. Lakini mikono hii haijagusa gome tangu ujana, na ngozi ya mzee si ngozi ya msichana. Nilipouinua mkono hadi puani nikakuta tangawizi kavu na majivu. Nikazika pua katika pindo la kanga, nikanusa tena. Alikuwa ni Bi Rukia, amejaa mkono mzima, na sweta lake la kiume, na papa wake mkavu, yuko karibu kiasi kwamba nilisogea kumpa nafasi kwenye benchi.

"Umekula?" nikauliza.

Mjukuu wangu aliyeko jikoni akaitikia, "Bado, bibi, nakusubiri wewe." Sikumwambia kwamba si yeye niliyemuuliza.